Kalanga ya Malashi

Nimeacha kazi ku mwisho wa mvua. Siku ya kuagana, banabinti ba ku atelye balinifwata mpaka ku mulango na kuniambia, sawa bajukuu kwa nyanya yabo: "Kambo, utuandikie namna unakalangaka kalanga. Ukienda na mayele yote mu kichwa, siye tutafanya nini?" Nilibajibu ya kama nilisoma paka myaka tatu tu kwa bamasera ba kanisa, na mukono yangu ku karatasi inatembea sawa konokono. Balisema haizuru. Basi, njo hii. Mwenye atacheka maandiko yangu, aje mbele anionyeshe kama anajua kupima kalanga na macho ya kufunga.

Cheo na mushahara sitaandika, ile haifundishi muntu kazi. Nitaandika moto, na chupa, na muntu moja mwenye alinifundisha. Nitaandika pia kosa yenye tulifanya siye wawili, ye na miye, juu sitaki ninyi muirudilie.

Mbele ya kuingia ku atelye nilikuwa nauzisha kalanga inje, pembeni ya ukuta yake. Bwana yangu alitumika ku mine ya shaba, aligonjwa, alikufa, aliniachia batoto ine. Atelye ilikuwa nyumba ndefu ya matofali, karibu na njia ya train. Mule ndani balikuwa banatengeneza sabuni, mafuta ya kujipakala, na malashi. Mwenyewe alikuwa Muzungu wa maneno kidogo. Lakini muntu mwenye bote balikuwa banaogopa ni Baba Nestori. Alitoka ku kaskazini ya Katanga, baba yake alikuwa muntu wa reli, na ye alikomalia mu kambi na mu kanisa. Muzungu njo alimufundisha kuchanganya malashi, na nyuma Muzungu yenyewe alikuwa anamuuliza.

Siku moja alitoka na bluzi yake nyeupe, alisimama mbele ya kitunga yangu. Hakukamata hata kalanga moja. Aliinama tu, alinusa.

"Mama, ni weye njo ulikalanga hii?"

"Ni nani mwingine? Kalanga haijikalangake yenyewe."

"Ulitosha ku moto wakati gani?"

"Wakati iliniambia."

Alikamata kitunga muzima, alilipa, alirudia ndani. Kesho yake alikuja tena, alisema nije kutumika. Nilimuuliza kama ni ya kupikia batumishi. Alisema hapana, ni ya kutia mu malashi. Nilicheka mpaka nilikohoa.

"Baba, kalanga ni ya kula. Nani atajipakala kalanga? Panya njo batamufwata mu njia!"

Baba Nestori hakucheka. Alinielezea pole, sawa muntu anafundisha katekisimu. Bazungu beko na mbegu ya kwabo, banaikalanga na banatosha ndani harufu ya moto na ya tamu, yenye inaikala chini ya maua na kuishika, sawa musingi inashika nyumba. Ile mbegu ilikuwa inakuja na mashua kisha na train, inachelewa, ama haifiki. "Siye tuko na kalanga," alisema. "Inabakia mukono ya kuikalanga."

Siku ya kwanza ya kazi alinirudisha ku nyumba. Asubuhi nilipika ndagala ya kukauka, na mu nywele nilipakala mafuta ya kunukia juu nilizani ni fasi ya malashi, tuvae malashi. Alifungua mulango, alirudi nyuma hatua mbili.

"Mama Feza, umeniletea soko muzima mu nyumba. Enda, unawe na sabuni yenye haina harufu. Uje kesho."

Nilikasirika mpaka ku nyumba. Lakini kesho yake nilikuja kichwa ya kunawa, na toka pale ndagala nilikulaka paka Siku ya Posho tu, jioni, juu kesho yake atelye inafungwaka. Bantu banazani mwenye kutengeneza malashi ananukia vizuri. Miye, myaka yote ile, nilinukia maji.

Sasa musikilize kazi. Kalanga muzuri ilikuwa ile ya njia ya Kasomeno, ya mavuno mupya, ndogo na nyekundu. Ile ya kukaa mu gunia mpaka mvua inaipata, utupe. Hata ikionekana safi, ndani iko na harufu ya nyumba yenye ilifungwa. Kikalango, ile sufuria ya kukalangia, ikuwe ya chuma muzito. Mbabula ya makala, na makala iwake mpaka haitoi moshi tena, juu kalanga inakunywa moshi sawa mulevi anakunywa lutuku. Usiache mukono kusimama. Na utoshe ku moto mbele macho yako haijakuambia imeiva, juu kalanga inaendelea kujikalanga yenyewe na moto ya ndani. Mimina ku lungo, peta, ipoe na maganda ianguke. Kisha kinu, kisha mashini ya kukamua mafuta, ile ya musumari mukubwa ya kuzungusha yenye inavunja mabega. Yenye inabakia, kavu sawa muchanga, njo unatia mu alkoli, mu chupa ya udongo, fasi ya giza, juma tatu, na unaitikisa kila siku.

Kazi haijaisha. Hata ukikamua mpaka ulie, mafuta inabakia. Unachuja na pamba, unaingiza chupa mu frigo siku tano. Mafuta inaganda, inakuwa sawa nta ya mushumaa, unachuja tena. Ukiruka ile siku tano, malashi itakuwa muzuri leo, na kisha mwezi moja itaoza. Hii mushike.

Kosa yangu ya kwanza ilikuwa ya muuzishaji. Miye, kila kalanga nilikuwa naitia kwanza mu maji ya chumvi, juu muntu wa Lubumbashi hawezi kulipa kalanga yenye haina chumvi. Nilifanya vile na ku atelye, chupa sita, bila kufikiri. Kisha juma tatu alkoli ilikuwa na mawingu sawa maji ya kuoshea muchele. Baba Nestori alitia kidole, aliramba, aliniangalia.

"Mama Feza, malashi haikulwake."

Njo ile tu. Alimwanga chupa sita inje. Nilitamani anipige kelele, ingekuwa rahisi.

Myaka ilienda. Ilikuja wakati bakubwa balisema mali ya bageni ikuwe ya bana-inchi. Muzungu aliacha funguo, alienda. Tulipata Patro, mwenyewe mupya wa atelye, muntu wa kwetu, na koti yake ya abakosti ya kupigwa pasi vizuri. Hakuwa muntu mubaya. Alikuwa tu hajui kama malashi inatengenezwaka. Alizani inatoka mu chupa. Ni ile wakati pia balikataza majina ya ubatizo. Ku karatasi ya kazi, Baba Nestori alikuwa Kabange, Citoyen Kabange, ni kusema Mwana-inchi Kabange. Kwetu siye, mulango ikifungwa, alibakia Nestori.

Mwaka moja, mu mwezi wa baridi, Baba Nestori alipata mafua kali. Alilala siku tatu, alirudia. Sikuona kitu. Aliinama ku chupa sawa zamani, alitia kipande ya karatasi, alileta ku pua, alifunga macho. Kama kulikuwa na kitu ya kubadilika, ni kwamba alianza kukalanga yeye mwenyewe, na alikataza bantu kusema mu chumba ya moto. Nilizani ni uzee. Muzee akianza kuchukia kelele, unamuacha.

Kisha mvua ilikuja. Siku moja tulikuwa wawili mu chumba ya moto. Mvua ilianguka ku mabati na kelele mpaka huwezi kusikia muntu wa pembeni yako. Ye alisimama juu ya kikalango, anakoroga. Miye nilikuwa ku kinu. Harufu ilifika fasi ya mukate, ilipita, ilifika fasi ya kahawa. Niliinua kichwa, nilizani sasa anatosha. Hakutosha. Moshi ilitoka, ilimupanda mu uso na mu pua, na ye aliinamisha sikio karibu na chuma, sawa muntu anasikiliza radio yenye mabatri inaisha.

Njo pale nilielewa. Hakuwa ananusa. Alikuwa anasikiliza. Kalanga ikiiva inapasuka kidogo kidogo, inalia, na ye alikuwa anahesabu kilio yake. Mvua ilimunyima masikio.

"Baba, inaungua."

"Bado kidogo."

"Baba Nestori. Inaungua."

Aliniangalia, kisha aliangalia kikalango, aliona weusi. Alitosha ku moto pole pole, sawa muntu anaweka mutoto chini.

"Toka lini?" nilimuuliza.

"Toka ile mafua. Siku ya ine niliamuka, kahawa haikuwa na harufu. Nilizani ni kahawa mubaya. Nilimugombeza bibi yangu." Alipangusa mikono, kisha alipangusa tena. "Mama Feza, Patro akijua, niko inje. Nyumba yenye tunaikala ni ya atelye, bajukuu sita banalala mule. Nakuomba, usiseme."

"Baba, miye sisemake bwongo."

"Siombi useme bwongo. Ninaomba unyamaze."

Kwangu, kati ya ile mambo mbili kulikuwa paka ngozi ya kitunguu tu. Lakini ni ye njo alinitosha ku ukuta ya inje na kunipa kazi ya kulishia batoto. Nilikubali kunyamaza.

Tulipanga hivi. Kukalanga kunarudia kwangu. Ye anatia karatasi mu chupa, anaileta ku pua, anageuka kidogo ku fasi ninasimama. Nikipangusa mikono ku aproni, iko muzuri. Nikifunga upya kitambala ya kichwa, iko mubaya. Tulifanya vile mvua mbili, ni kusema myaka mbili. Malashi ilitoka vizuri na bantu balimusifu, na ye alikuwa anaitika na kichwa, bila furaha. Mama Kalenga, mwenye alikuwa anafunga machupa na kinywa yake haifungwake, alinitania kila siku.

"Eh, Mama Feza! Ile kitambala yako inalegea sana. Utafute ingine. Ama ni kichwa yako njo inapunguka?"

"Inapunguka juu ya kukusikiliza," nilimujibu. Lakini ndani nilikuwa na aibu.

Basi, muchuruzi moja, muuzishaji mukubwa wa Likasi, aliomba makarto mingi, masanduku ya malashi, kwa siku kuu. Chupa ya kalanga ilikuwa imechujwa mara moja, inangojea frigo. Ile juma, Patro alikuwa na bageni, na aliamuru frigo ibebwe mu biro yake juu bière, pombe ya bageni, ikuwe baridi. Baba Nestori alimwambia mafuta haijatoka. Patro alimujibu: "Utapima na pua. Ikikuwa muzuri, mufunge."

Ningekuwa pale, ningefunga kitambala mpaka shingo ivunjike. Lakini mukubwa moja alikuwa anatoka Kinshasa, na kila kampuni ilipaswa kutuma banamuke kuimba na kucheza ku mapokezi. Balitubeba siye bote, na kitenge, pagne moja moja ya kufanana. Nilicheza siku tatu na magoti yangu ya kuchoka, mu jua, ninafikiri ile chupa.

Nyuma sana, Baba Nestori aliniambia namna ilikuwa. "Nilitia karatasi. Niligeuka ku fasi unasimamaka, na hakukuwa muntu. Patro alikuwa anangoja. Nilisema iko muzuri."

Niliporudia, makarto ilishaenda.

Kisha mwezi moja na kidogo muchuruzi wa Likasi aliingia bila kubisha. Alimwanga machupa ku meza ya Patro, alifungua moja, alimusukumia ku pua.

"Nusa! Nusa, Citoyen! Bibi yangu alijipakala hii, alienda ku misa. Banamuke ba kiti moja na ye bote balihama! Miye nauzisha malashi, ama mafuta yenye balikalangia samaki?"

Patro alituita bote.

"Nani alikalanga?"

"Ni miye, Citoyen."

"Basi ulikalanga mubaya."

Sikukalanga mubaya. Nilimuangalia Baba Nestori. Ye aliangalia chini. Nilingojea. Baba Nestori hakuinua kichwa.

"Kamata bintu yako, Mama. Huna kazi tena hapa."

Nilikamata lungo, juu ilikuwa yangu. Nikipita mbele ya Baba Nestori nilimwambia: "Baba, ubakie na amani." Kwetu hii maneno si kila mara baraka, wakati ingine ni kumuachia muntu kosa yake, na ye alijua.

Siku ine niliuzisha kalanga ku ukuta ile ile. Siku ine batoto yangu balikula bukari, ugali yetu, na chumvi. Naandika hii juu ni kweli, hata kama inamuangusha muntu mwenye ninamuheshimu.

Siku ya tano Mama Kalenga alitoka mbio na ndoo mu mukono. Alikuwa anapangusa biro ya Patro, alisikia yote. Baba Nestori aliingia na alisema: "Mama Feza hana kosa. Miye sina pua. Mvua mbili sasa." Patro hakuamini. Alizani ni bwongo ya kuokoa mwanamuke.

"Muzee, unamupenda huyu mama?"

"Ile umri ilinipita, Patro. Ulete kopo mbili, moja ya maji, moja ya petroli. Unifunge macho."

Balileta. Patro mwenyewe alimufunga na kitambala yake ya mufuko. Aliweka kopo ya kwanza chini ya pua.

"Sijui," Baba Nestori alisema. "Tuseme ni maji."

Ilikuwa petroli. Patro alisongeza kopo mpaka ilimugusa mudomo, na ye hakurudisha kichwa nyuma, sawa muntu anangojea kupewa hostia ku misa. Mama Kalenga aliniambia machozi ilimutoka Patro, pengine juu ya petroli. Kisha Baba Nestori alitosha kitambala na alieleza: mvua ku mabati, mikono yangu ku aproni, siku ya mapokezi. Ku mwisho alisema: "Na frigo ilikuwa na bière yako." Toka ile siku hakuna muntu alibeba frigo.

Patro alinirudisha kazini, ku meza ya Baba Nestori. Baba Nestori alipewa mpaka mwisho wa mwezi kutoka mu nyumba. Sikumusamehe mara moja. Siku ine ni siku ine. Lakini nikikalanga nilijiuliza pia juu yangu: ni nani alinyamaza mvua mbili? Siku ya kwanza, mbele ya ile kikalango ya kuungua, ningesema "Baba, tuende wawili kwa Patro, masikio yako na mukono yako ingali muzuri, pua tutatafuta," pengine angebakia. Nilizani ninamuchunga. Nilimuacha peke yake na karatasi mu mukono.

Juu ya ile niliweka sheria yenye ninyi munasemaka ni ukali ya kambo. Chupa haipiti na pua moja. Pua tatu, na kila moja iseme mbele ya bengine. Mwenye ameamuka na mafua, aseme asubuhi, apewe kazi ya machupa, na mwenye atamucheka nitamutuma ku mashini ya kukamua. Munaniuliza namna ya kukalanga. Mbele ya kuwasha moto, ni hii.

Baba Nestori alihamia Annexe, pembeni ya mji. Alipata shamba kidogo, alipanda mahindi na kalanga. Kipindi muzima ya baridi sikuenda kumuona. Kisha, Siku ya Mungu moja nyuma ya misa, nilienda. Bibi yake alinifungulia, alinionyesha tu na kidole. Baba Nestori alikuwa anaikala inje, anatosha kalanga mu maganda, amekonda.

"Mama Feza. Karibia."

"Eyo, baba."

Tulimenya kalanga wawili mpaka kitunga ilijaa nusu. Hakuniomba musamaha na miye sikuulizia. Kisha alisema: "Hii ni mavuno yangu ya kwanza. Unikalangie."

Niliwasha mbabula, nilingojea moshi iishe. Nilizani atainamisha sikio. Hapana, alisongeza kiti yake mbali, mikono ku magoti.

"Uniambie," alisema.

"Nikuambie nini?"

"Namna inanuka."

Miye, myaka yote ile, nilikuwa nasema muzuri ama mubaya. Pengine na mikono tu. Nilitafuta maneno, na haikuwa rahisi.

"Iko sawa maharagi mabichi," nilisema. Kisha: "Sasa inatoka mu ubichi. Iko sawa kitambala ya kupiga pasi." Alifunga macho. "Sasa iko mukate. Nyuma ya mukate kuna sukari kidogo, sawa mahindi mabichi ku makala." Nilikoroga mara tatu ingine, nilitosha kikalango ku moto.

"Juu ya nini unatosha?"

"Imeiva, baba."

"Umesema mukate, umesema sukari. Hukusema mbao. Ile harufu ya kwa seremala, akikata mbao mupya. Haijafika. Rudisha ku moto."

Ninakalanga toka niko na myaka saba. Nilitaka kumujibu mubaya, na maneno ilikuwa tayari mu kinywa. Niliinama kwanza, nilinusa.

Mbao haikuwa.

Nilirudisha kikalango ku moto na nilianza kumwambia upya.